Miti ya Mutua, Mizinga ya Kilonzo

Darubini nimeiacha kwenye droo ya chini, ile iliyo karibu na dirisha. Lenzi ya kulia ina ukungu, kwa hivyo tumieni ya kushoto na mfumbe jicho moja, kama nilivyofanya mimi miaka yote hii nikiomba ninunuliwe nyingine. Kamera za kufunga kwenye miti ziko ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia. Kagueni betri kabla hamjatoka ofisini. Inauma sana kurudi baada ya wiki nzima na kukuta picha moja tu, ya uso wako mwenyewe ukiifunga kamera. Hayo ndiyo makabidhiano. Yale mengine mliyoniuliza siku ya chai ya kuniaga, kuhusu kazi yenyewe, sikuweza kuyajibu nikiwa na keki mkononi, ndiyo maana nayaandika.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Mtu ananunua shamba ajenge nyumba za kuuza, na kabla hajaleta tingatinga, sisi tunatumwa kuangalia ni nani mwingine anaishi pale. Watu wakisikia wanyama wa porini wanafikiria ndovu. Mimi ndovu nimewaona kwenye kalenda kuliko nilivyowaona kazini. Wanyama wangu walikuwa nungunungu, komba, kanu, popo, vyura, na ndege wa kila aina, viumbe wanaoishi kwenye mipaka ya mashamba ya watu bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Makueni, mbele ya mji wa Wote, kwenye shamba la mbaazi na ndengu. Nilikuwa na buti mpya na ubao wa kuandikia. Nilimkuta mama mmoja akipepeta, nikamwuliza, "Mama, hapa kuna wanyama gani wa porini?" Akasema hakuna. Nikaenda boma la pili, hakuna. La tatu, hakuna hata sungura. Jioni nikamwonyesha Bwana Nzioka, aliyekuwa mkubwa wangu, ukurasa wangu mweupe. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya kuja kwenye kazi hii, na alikuwa na namna ya kucheka bila kufungua mdomo.

"Ungekuwa wewe ungesema?" akaniuliza. "Mtu wa ofisi anakuja na kalamu anauliza wanyama. Ukisema wako, kesho shamba ni park."

Asubuhi yake tulirudi kwa yule mama. Nzioka aliketi juu ya mtungi uliolazwa, akapokea maji, akauliza habari za mvua na za watoto. Kisha akasema, "Na hapa shambani, mama, ni nini inakusumbua?"

"Woi!" mama akasema, akaweka ungo chini. Nungunungu walikuwa wamemaliza muhogo. Kanu alikuwa amekula kuku wake hadi wa mwisho. Kanga wa porini walikuwa wanafukua mbegu kabla hazijaota, na kulikuwa na kitu kinacholia usiku juu ya mti wa nyuma ambacho hakutaka hata kukitaja. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Tangu siku hiyo sijawahi kumwuliza mkulima wanyama gani wako kwake. Nauliza kinachomsumbua, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo.

Nzioka ndiye aliyenifundisha pia kuketi. Kila shamba tulilofika, kabla ya kufungua mkoba, aliketi mahali pamoja mpaka ndege wakaacha kutuogopa. Dereva alikuwa akidhani amelala. Na alikuwa na neno moja ambalo naliacha kwenu kama urithi. Sisi hutumwa shambani wakati wa kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua gari la ofisi hukwama, na kiangazi kila shamba la Ukambani huonekana limekufa. Vyura wako chini ya udongo, mbegu zimelala, ndege wamehamia kwenye maji. Nilipoandika katika ripoti yangu ya kwanza kwamba sehemu fulani haina kitu, aliikata kwa kalamu nyekundu. "Usiandike hakuna kitu," akasema. "Andika ni Septemba."

Alifariki kabla hajastaafu, presha. Tulimzika kwao na nikarudi kazini Jumatatu, na kwa muda mrefu nikifika shambani nilikuwa naketi upande wangu na kumwachia nafasi upande wa pili. Sijui kama niliwahi kumwambia asante. Nadhani nilidhani anajua.

Sitawachosha na mashamba yote. Mengine yalienda vizuri, yaani tulisema hiki kisiguswe na hakikuguswa. Mengi hayakwenda vizuri. Kuna kituo kimoja cha mafuta kwenye barabara kuu ambacho mpaka leo nikipita naangalia upande mwingine, kwa sababu namkumbuka ndege aliyekuwa na kiota mahali pampu ilipo. Lakini mliniuliza ni kazi gani sikuisahau, na hiyo ni ya Matinyani, kwenye shamba la Mutua.

Mutua alilirithi shamba lile kwa baba yake, akaliuzia kampuni iliyotaka kujenga nyumba za watu wanaofanya kazi Kitui mjini. Sehemu kubwa ilikuwa matuta ya zamani yaliyobomoka na mkonge mpakani. Lakini kule chini, kando ya mto wa mchanga, kulikuwa na mstari wa migunga mikubwa, minene, yenye mashimo. Na kwenye matawi ilining'inia mizinga ya magogo, mingine imekuwa ya kijivu kwa uzee, kila mmoja umechomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto.

"Hapa hakuna kitu, dada," Mutua aliniambia. "Ni miti tu."

"Na mizinga?"

"Ah, hiyo si yangu. Hiyo ni ya Kilonzo."

Baba yake Mutua ndiye aliyemruhusu baba yake Kilonzo kutundika pale, wote wawili wakiwa vijana. Wale wa kwetu kati yenu mnajua jambo hili, lakini wengine wenu mmetoka mbali. Mzinga wa mtu hauguswi na mtu mwingine. Unaweza kuwa juu ya mti wako, ndani ya shamba lako lenye hati, na bado huwezi kuukata ule mti mpaka mwenye mzinga aje aushushe kwa mkono wake. Zamani aliyeiba kwenye mzinga wa mwenzake alihesabiwa pamoja na wauaji. Siku hizi hakuna anayesema hivyo waziwazi. Lakini msimamizi wa ujenzi alinilalamikia kwamba kila akileta vijana na msumeno, wanaangalia juu, wanaona ile alama, wanaweka msumeno chini. Wote walikuwa wameokoka, tena wanasali kanisa moja na Kilonzo, na hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kwanza kukata.

Kampuni ilitaka niandike kwamba mizinga ihamishwe. Kilonzo mwenyewe alinikuta siku ya pili, nikiwa nimeketi nikingoja ndege. Alikuwa mzee mwembamba mwenye jembe begani na sweta ya shule ya mjukuu wake.

"Mwiitu," akaniita, kama mtu anavyomwita binti yake, "wewe ndio umetumwa uandike nitoke?"

"Nimetumwa niandike chenye naona, Mzee."

"Basi keti hapo hapo, ona."

Niliona. Kwenye shimo la mgunga wa tatu, hondohondo jike alikuwa amejifungia ndani na kuziba mlango kwa udongo, amebakisha ufa mwembamba tu, na dume alikuwa akimletea panzi mmoja mmoja. Kulikuwa na popo chini ya magome, na komba waliokuwa wakilala kwenye mzinga mmoja uliokosa nyuki. Kilonzo alikuwa anajua wanalala pale na alikuwa hajawafukuza. Nyuki walikuwa wakinywa kwenye visima ambavyo akina mama walichimba katika mchanga wa mto. Niliandika kwamba miti yote ya kando ya mto ibaki, na mizinga ibaki juu yake. Nilibishana na watu waliovaa kofia safi za plastiki. Na kwa mara moja katika maisha yangu ya kazi, nilikubaliwa neno kwa neno. Siku hiyo nilinunua nyama kilo mbili na kuimba nikipika.

Nyumba zikajengwa, na kweli miti haikuguswa. Ila nyumba hujengwa kwa mchanga, na mchanga ulikuwa pale pale mtoni, nje ya mpaka wa shamba, mahali ambapo ripoti yangu haikuwa na nguvu. Malori yaliuchota wakati wote wa ujenzi mpaka mto ukabaki mwamba mtupu. Kwetu maji hukaa ndani ya mchanga. Kiangazi kilipokuja, visima vya akina mama havikuwa na kitu, na nyuki wa Kilonzo wakaenda kutafuta maji mahali yalipo, kwenye mabomba ya zile nyumba mpya.

Katika nyumba ya kwanza baada ya geti alikuwa anaishi Mama Halima. Familia yake ilitoka upande wa Garissa, mumewe anafanya biashara ya mbuzi, na yeye alikuwa amefungua duka dogo dirishani. Nilimpenda kwa sababu, kila niliporudi kuangalia ile miti, ndiye pekee mtaani aliyeniuliza majina ya ndege. Binti yake Halima alikuwa hajaanza shule. Mchana mmoja mtoto alichukua kikombe kilichoachwa chini ya bomba akanywa, na ndani kulikuwa na nyuki. Alimng'ata kooni. Walimfikisha hospitali ya Kitui akiwa amebadilika rangi.

Alipona. Naliweka mbele ili msisome mkiwa na wasiwasi kama nilioishi nao mimi usiku ule. Lakini kamati ya wakazi ilikuwa imeshampata mtu wa kupuliza dawa, na hakuna aliyeweza kuwalaumu.

Kilonzo alikwenda hospitali kwa miguu. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, kofia mkononi, hajui aketi wapi. Mama Halima alikuwa amemshika mtoto mguu.

"Mzee, mimi sina ubaya na wewe," akamwambia. "Wallahi sina. Lakini ni huyu tu niko naye."

"Najua, mama."

"Watawapulizia dawa. Mimi sikusema wapulize."

"Waambie wangoje mpaka Jumamosi," Kilonzo akasema. "Nitawatoa mwenyewe. Usiwe na wasiwasi tena, mama."

Kwenye ngazi za hospitali aliniambia ana shida. Yeye atapanda, lakini lazima awepo mtu wa chini wa kushika kamba. Mwanawe Musyoka alikuwa Nairobi na hakupewa ruhusa kazini. Mdogo alikuwa Mombasa na alimwambia kwenye simu, "Baba, si uache tu hizo vitu." Vijana wa jirani hawakujua, na waliojua walikuwa makaburini.

"Uje wewe," akasema.

"Mzee, mimi ni mwanamke." Kwetu mwanamke hasimami hata chini ya mti mzinga ukishushwa, sembuse kushika kamba. Mama yangu alikuwa akitufukuza tukiwa wadogo.

"Nimeona wewe ni mwanamke. Mimi nami ni mzee, na bado napanda."

Tulianza alfajiri ya Jumamosi, baridi ikiwa imewafungia nyuki ndani. Alipanda na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, akaziba milango ya mzinga kwa nyasi, akaufunga kamba katikati na kuipitisha juu ya tawi nene. Mimi chini nilikuwa nimeizungusha kamba mara moja kwenye shina, kama alivyonielekeza, ili mti wenyewe unisaidie kubeba. "Polepole! Usiangalie mkono, angalia mzinga!" alikuwa akinong'ona kutoka juu. Mzinga ukishuka unaguruma ndani. Wa kwanza ulinichuna viganja vyote viwili na sikuuachilia, na ulipogusa nyasi bila kishindo nilitaka kumwita Nzioka aje aone.

Tulishusha yote iliyokuwa na nyuki na kuipakia kwenye pikapu, ipelekwe Kanyangi kwa mpwa wake, asiyejua kupanda lakini mwenye nafasi shambani. Mahali pa karibu hakuweza kuwaweka, kwa sababu nyuki waliohamishwa hatua chache hurudi palepale walipotoka. Ukabaki mmoja, ule wa komba, juu ya mgunga wa hondohondo. Jua lilikuwa limeshatoka.

"Huo ni mtupu, Mzee," nikamwambia. "Lakini tuushushe tu, tumalize."

"Wacha huo."

"Si hakuna nyuki?"

"Nyuki imetoka. Mwenyewe hajatoka."

Ndipo nikaelewa. Ripoti yangu ilikuwa imeshafungwa kwenye faili, nyumba zilikuwa zimeshauzwa, na kamati ilikuwa inataka mahali pa kuegesha magari. Kitu pekee kilichokuwa kinaizuia misumeno ni ile alama ya ukoo kwenye gogo tupu. Kilonzo alihamisha kamba, akapanda tena, polepole safari hii, akausogeza ule mzinga kwenye tawi la mbele mahali unapoonekana na kila mtu kutoka getini. Aliposhuka aliketi kwenye mizizi, akafunika uso kwa ile kofia, akalia. Niliketi kando yake na kulia pia, kwa ajili yake, na kwa ajili ya mashamba mengine ambayo sikuyalilia kwa sababu nilikuwa kazini.

Baada ya wiki chache mpwa wake alipiga simu kutoka Kanyangi kusema nyuki wote wamehama, hawakupapenda. Kilonzo alikufa mvua za vuli zikianza, na mwezi huo huo mimi nikakata ile keki yenu. Kwenye ratiba ya mazishi waliandika kwamba alikuwa mkulima na mzee wa kanisa. Kuhusu nyuki hawakuandika. Mama Halima alikuja na mtoto mkononi, akasimama nyuma kabisa, na hakuondoka mpaka udongo ulipokwisha kurudishwa.

Miti ilikaa. Mwenyekiti wa kamati ni Mkamba kama mimi, ana shahada mbili, na ananunua gari kila baada ya muda mfupi. Hata yeye hakuthubutu kuugusa mzinga wa marehemu. Akafanya alichojua ni sawa, akampigia simu mwana wa marehemu aje aushushe.

Musyoka alikuja Jumapili iliyopita. Aliniomba tuonane pale, nami nikaenda. Nilimkuta amesimama chini ya mgunga na viatu vya ofisini, shingo ameikunja, anaangalia juu. Ni kijana mwenye adabu, na ana pua ya baba yake. Juu ya mti hondohondo dume alikuwa anakuja na kuondoka, anakuja na kuondoka, na udongo mlangoni ulikuwa bado mbichi.

"Aunty, pole kwa kukusumbua," akasema. "Wanasema siku ile ulikuwa na mzee. Mimi hii kitu sijawahi fanya. Inashushwa aje?"

Najua inashushwa aje. Najua tawi la kupitisha kamba, najua fundo, najua kuizungusha kwenye shina ili mti ukusaidie kubeba. Makovu ya ile kazi ninayo viganjani mpaka leo, na nilikuwa nimeyaweka mfukoni.

"Sijui, Musyoka," nikamwambia. "Mambo ya mizinga wanawake hatufundishwi."

Aliniamini hapo hapo, akaitikia kwa kichwa, hata akaona aibu kidogo kwa kuniuliza. Alipangusa vumbi kwenye viatu. Kisha akaangalia yale mapaa ya nyumba upande huu, akaangalia ng'ambo ya mto upande wa pili, na akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa kweli:

"Basi nimuulize mzee gani? Ni nani amebaki anajua?"

Nikamwambia sijui, na hilo sikuwa nadanganya. Sikumjua hata mmoja.